Sindano tano za Yambuku: kwa nini watu wetu waliogopa hospitali

Kati ya maswali yanayotufikia redioni kutoka vijijini na kambini, kuna moja ambalo hurudi kila homa mbaya inaposikika: kwa nini mtu aingie hospitali na malaria, kisha atoke na kifo kingine? Wakubwa wengi wa afya hulijibu kwa hasira. Wanasema ni uvumi, ni watu kukosa masomo. Mimi naona swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika historia ya nchi yetu wenyewe. Leo tuache kwanza habari za siku, turudi nyuma hadi mwaka 1976, mahali panapoitwa Yambuku.

Yambuku iko eneo la Bumba, kaskazini mwa mto Kongo, katika jimbo ambalo leo ni Mongala na wakati ule lilikuwa sehemu ya Équateur. Wamisionari Wabelgiji walifungua hospitali pale mwaka 1935. Mwaka 1976 ilikuwa na vitanda 120 na wafanyakazi wa afya 17, kati yao masista watatu Wabelgiji. Watu wapatao elfu 60 wa vijiji vya jirani waliitegemea, na wengine walitembea mbali sana kuifikia, kwa sababu ilikuwa na sifa moja kubwa: dawa hazikukosekana.

Mwishoni mwa mwezi wa nane mwaka huo, mwalimu mmoja wa shule ya misheni, mwanaume wa miaka 44, alirudi kutoka safari ya kaskazini akashikwa na homa. Tarehe 26 akadungwa sindano ya klorokini, kama mtu yeyote mwenye homa ambavyo angedungwa. Alipata nafuu siku chache, homa ikarudi, akaanza kutoka damu. Alikufa tarehe 8 Septemba. Kufikia hapo wengine waliopita kwenye hospitali ile ile walikuwa tayari wamelala majumbani mwao na homa kama yake.

Tume ya kimataifa iliyokuja baadaye kuchunguza iliandika jambo moja ambalo, kila nikilisoma, hunifanya nisimame. Kila asubuhi wauguzi wa Yambuku walipewa mabomba ya sindano matano. Matano tu, kwa siku nzima, kwa wagonjwa wa nje, kwa wagonjwa waliolazwa, na kwa wanawake wajawazito waliokuja kupimwa. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, sindano ilisuuzwa katika sufuria ya maji ya vuguvugu. Jioni mara nyingine zilichemshwa, mara nyingine hapana.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili, ambayo watu husahau kuisimulia. Katika hospitali hiyo hiyo, chumba cha upasuaji kilikuwa na vyombo vyake vya kutosha, sindano zake, na mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Vyombo vile viliwekwa mbali na vingine na vilisafishwa kila baada ya kazi. Kwa hiyo mtu asije kutuambia kwamba Yambuku hawakujua. Ujuzi ulikuwepo, nyuma ya mlango mmoja. Mbele ya mlango ule, mama mwenye mimba alipata sindano iliyotoka mkononi mwa mtu mwingine dakika tano zilizopita.

Matokeo yanajulikana. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Katika wale ambao njia yao ya kuambukizwa ilijulikana, 85 walikuwa wamedungwa sindano pale hospitalini, na wale ambao sindano ndiyo iliyokuwa njia yao peke yake hakupona hata mmoja. Walioguswa zaidi walikuwa wanawake wa miaka 15 hadi 29, yaani umri wa kubeba mimba na kuhudhuria kliniki. Wafanyakazi 13 kati ya wale 17 waliugua, 11 wakafa. Tarehe 30 Septemba hospitali ikafungwa, maana hakukuwa tena na watu wa kuifungua.

Na hapo ndipo ugonjwa ulipoanza kupungua. Hospitali ilifungwa, na wazee wa vijiji, waliokumbuka jinsi babu zao walivyojikinga na ndui, waliweka magogo barabarani wakazuia wageni. Vifo vya mwisho vilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Ugonjwa ukaja kupewa jina la mto Ebola.

Daktari wa kwanza kutoka Kinshasa kufika pale alikuwa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani, ambaye leo anajulikana dunia nzima kwa kazi hiyo. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu, kwa sababu hazikuwepo, na damu ilimchirizika mikononi. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alinawa kwa maji na sabuni. Sabuni ile ile ya kufulia nguo na ya kuoshea watoto. Virusi vya Ebola vimefunikwa na ngozi nyembamba ya mafuta, na sabuni huipasua ngozi hiyo kama inavyoyeyusha mafuta kwenye sahani. Nawaambia hili kwa sababu wengi wanafikiri kinga ni lazima iwe kitu kikubwa kilichotoka Ulaya kwa ndege.

Kwa nini sindano zilipendwa hivyo, hata mtu akiwa na homa ndogo aombe adungwe? Hilo nalo lina historia. Tangu wakati wa ukoloni, vikundi vya waganga vilizunguka vijijini kutafuta wagonjwa wa malale na buba. Dawa zilikuwa za kudunga. Kwa buba hasa, mtu aliyekuwa na vidonda vya miaka mingi aliviona vinakauka kwa siku chache baada ya sindano. Nani asingeamini? Babu zetu walijifunza kwamba kidonge ni cha kujaribu na sindano ndiyo dawa yenyewe, na imani hiyo tunayo hadi leo. Lakini timu zile zilihudumia mamia ya watu kwa siku, na mabomba ya kioo machache. Daktari Jacques Pépin wa Kanada, aliyefanya kazi Zaire akiwa bado kijana, ameandika kitabu kizima akieleza kwamba kampeni hizo huenda zilisaidia kueneza virusi vya ukimwi Afrika ya kati, miaka mingi kabla ya ugonjwa huo kujulikana. Wataalamu wengine wanabishana naye juu ya uzito wa jambo hilo. Kwamba sindano moja iliingia kwa watu wengi, hilo halibishaniwi.

Na msidhani ni aibu ya Afrika peke yake. Mwaka 1847 huko Vienna, mjini kwa wafalme wa Austria, hospitali kubwa ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Katika moja wanawake walihudumiwa na wakunga, katika nyingine na madaktari pamoja na wanafunzi wao, waliotoka kupasua maiti na kuja moja kwa moja kuzalisha. Kwenye wodi ya madaktari akina mama walikufa kwa wingi zaidi. Mjini wote walijua, na wanawake walilia wasipelekwe huko. Walicheka waliosema ni hofu ya wanawake. Daktari Ignaz Semmelweis akawalazimisha wenzake kunawa kwa maji ya chokaa yenye klori, na vifo vikashuka sana. Wenzake hawakumshukuru, kwani hakuna daktari anayependa kuambiwa kwamba mkono wake ndio unaoua. Lakini klori ile ya Semmelweis ni ndugu wa javeli tunayoiuza kwenye vichupa sokoni.

Turudi kwetu. Miaka 19 baada ya Yambuku, ugonjwa ulizuka Kikwit, mji mkubwa wa Bandundu ya zamani. Mchoma makaa mmoja aliugua Januari 1995 na ukoo wake ukaguswa. Kwa miezi mitatu ugonjwa ulitembea polepole. Kisha Aprili mfanyakazi wa maabara akapelekwa hospitali kuu na tumbo limevimba. Madaktari walidhani homa ya matumbo imemtoboa utumbo, wakampasua. Katika siku zilizofuata waliokuwa kwenye chumba cha upasuaji walianza kuanguka mmoja baada ya mwingine: waganga, wauguzi, masista. Masista sita Waitaliano wa shirika moja la Bergamo walikufa ndani ya wiki chache. Mwanzoni watu walisema ni kuhara damu. Muyembe alipofika Mei na kuona kwamba wanaokufa ni wale waliogusa wagonjwa hospitalini, alikumbuka Yambuku.

Hospitali ya Kikwit ilikuwa kubwa, lakini bombani hakukuwa na maji wala umeme ukutani. Wauguzi wengi walikuwa wamekimbia, na walaumiwe na nani? Wagonjwa walibaki na jamaa zao, magadimaladi kama tunavyowaita, waliowaosha, kuwalisha na kufua nguo zao zenye damu kwa mikono mitupu. Mwishoni walihesabiwa wagonjwa 315, waliokufa 250 na zaidi kidogo. Kati ya wagonjwa hao 80 walikuwa watu wa afya, yaani mmoja kati ya wanne.

Walipofika wageni na vifaa, waliweka mambo ambayo si ya ajabu: maji, vyoo, klori, glavu, barakoa (sisi tunasema kashene), miwani, aproni ya plastiki, chumba cha pekee kwa wenye dalili, na jamaa mmoja tu kwa mgonjwa, naye avae kama muuguzi. Baada ya hapo maambukizi kwa wafanyakazi wa hospitali yalikatika karibu kabisa. Hakukuwa na chanjo wakati ule. Hakukuwa na dawa.

Watafiti walifuata pia familia za wagonjwa wa Kikwit, nyumba kwa nyumba, na hesabu yao ningependa kila familia kambini iijue. Walichunguza watu 173 walioishi nyumba moja na mgonjwa. Kati ya 95 waliomgusa mgonjwa mwenyewe, 28 waliugua. Kati ya 78 waliolala nyumba ile ile, wakapumua hewa ile ile, lakini hawakumgusa, hakuugua hata mmoja. Kwa hiyo Ebola haikuruka hewani kutafuta watu. Ilipita kwenye mikono ya waliopenda na waliotunza.

Watu wa upande wetu wa mashariki nao hawakusahauliwa. Kati ya 1998 na 2000, vita vikiwa vimepamba moto, wachimba dhahabu wa Durba, karibu na Watsa, walikuwa wakifa kwa homa ya damu iliyotokea mgodi wa Goroumbwa. Ilikuwa Marburg, ndugu wa Ebola. Wagonjwa 154 walihesabiwa na 128 wakafa. Wachimbaji wenyewe walikuwa wameshazoea kuiita ugonjwa wa Durba kabla ya serikali yoyote kuja kuipima. Vita vilifanya wengi wasisikie habari hiyo.

Halafu ikaja ile ambayo sisi wote tunaikumbuka. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, ikianzia Mangina, ikapita Beni, Butembo, Katwa, Mabalako, hadi Ituri. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Watu zaidi ya laki tatu walichanjwa. Safari hii kulikuwa na chanjo, kulikuwa na maabara za karibu, kulikuwa na pesa nyingi hata watu wakabuni neno «Ebola business». Pamoja na hayo yote, ugonjwa uliendelea kupita pale pale ulipopita mwaka 1976: kwenye kituo cha afya.

Anayejua Beni na Butembo anaelewa sababu. Kila mtaa una kituo kidogo, vingine vya serikali, vingi vya watu binafsi, vingine vya mganga anayechanganya mizizi na serumu. Mtu hapelekwi hospitali kuu siku ya kwanza. Mama humbeba mtoto mwenye homa hadi kituo cha jirani, wanamdunga na kumwekea serumu, asipopona anampeleka cha pili, kisha cha tatu. Malaria ilikuwa nyingi Beni miezi hiyo hiyo, na siku za kwanza malaria na Ebola hazitofautiki kwa macho. Watoto wengi waliingia na malaria, wakalazwa kitanda kimoja na mwenye ugonjwa mwingine. Lile swali la wasikilizaji wetu linatoka hapo. Halikutungwa na mtu wa siasa.

Watu wa afya 171 waliugua katika mlipuko huo. Mtu mmoja kati ya 20 badala ya mmoja kati ya wanne wa Kikwit. Hayo ni maendeleo na lazima tuyaseme. Vituo vilipulizwa klori, wauguzi walifundishwa, ndoo zenye bomba ziliwekwa milangoni, wagonjwa walipimwa homa nje kabla ya kuchanganyika na wengine. Tulijifunza herufi tatu, PCI, kuzuia na kudhibiti maambukizi, hata watoto wakawa wanaziimba.

Lakini hofu haikwisha, na hapa lawama si ya ugonjwa tu. Beni ilikuwa inachinjwa kwa mapanga tangu 2014. Watu waliuliza kwa nini magari yanakuja mengi hivi kwa Ebola wakati kwa mapanga hayakuja. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola, na vijana wenye hasira wakavamia kituo cha kupokea wagonjwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili daktari mmoja wa OMS kutoka Cameroon aliuawa ndani ya hospitali Butembo. Kila shambulio lilirudisha wagonjwa majumbani, kwenye mikono ya jamaa zao, na pale wote tunajua kilichofuata. Mtu akiniambia kwamba usafi wa hospitali ni mambo ya sabuni tu, humjibu kwamba sabuni haisaidii mgonjwa aliyekataa kuja.

Mwaka 2025 historia ilijirudia Bulape, huko Kasai. Mama mjamzito alilazwa hospitali kuu mwezi wa nane. Mlipuko ulipotangazwa tarehe 4 Septemba, kati ya watu 15 waliokwisha kufa walikuwamo wahudumu wa afya wanne. Miaka 49 baada ya Yambuku, bado habari ya Ebola inatufikia kwanza kwa kifo cha muuguzi.

Kuhusu sindano, hapo kweli tumetoka mbali. Mwaka 1999 OMS na UNICEF pamoja na wenzao walitaka chanjo zote duniani, kufikia mwisho wa 2003, zitolewe kwa bomba linalojifunga lenyewe baada ya kutumika mara moja. Ndiyo maana mtoto wako akichanjwa leo, muuguzi hawezi kutumia bomba lile tena hata akitaka. Hiyo ni ya chanjo. Sindano ya homa inayouzwa kwenye duka la dawa la pembeni mwa kambi ni habari nyingine, na hapo mama ana haki ya kuona paketi ikifunguliwa mbele ya macho yake. Si matusi kwa muuguzi. Wauguzi wazuri ninaowajua huifungua wakikuangalia usoni, bila kuombwa.

Kile ambacho hakijabadilika ni maji. Mradi wa Ebola ulipofunga milango, ndoo nyingi zilibaki na bomba zimevunjika, na javeli ikarudi kuwa kitu cha kununua. Kwa kunawa mikono inatakiwa mchanganyiko wa klori wa asilimia 0.05, kwa sakafu na vitanda asilimia 0.5, na vyote viwili vinahitaji maji kabla ya kuhitaji klori. Watu wamehama vijiji vyao kwa maelfu na kuongezeka kwenye vituo vilivyojengwa kwa ajili ya mtaa mmoja. Muuguzi anayepokea watu 80 kwa siku anatakiwa kunawa kabla na baada ya kila mmoja wao. Pigeni hesabu wenyewe ni bidoni ngapi, na ni nani anayezibeba kutoka mtoni.

Katika materinite moja isiyo mbali na kambi, mwanamke aliyehama huambiwa tangu miezi ya mwisho aje na vitu vyake siku ya uchungu: kitenge, wembe mpya katika karatasi yake, glavu pea mbili, kichupa cha javeli, na bidoni mbili za maji. Bidoni moja ni ya kuoshea mtoto na kitanda. Ya pili ni ya mikono ya mkunga.